Taya la Chola

"Basi piga tena," Mama Chola alisema. "Weye piga na nyundo yako, na mi nitakupiga na mwiko."

Bwana wa mawe akaiweka nyundo chini. Alikuwa mzungu wa serikali, mchunguzi wa miamba, aliyepiga hema Nchelenge tangu maji ya ziwa yalipoanza kurudi nyuma. Kiswahili chake alikipata Katanga, migodini. Mama Chola alikipata Kasenga, akiuza samaki. Kwa hiyo walielewana vizuri, na ugomvi haukuisha.

"Mama, hii ni libwe," alisema, akiligonga taya kwa ukucha. "Sikia. Jiwe kabisa. Huyu mutu alikufa zamani, mbele ya babu ya babu yako kuzaliwa."

"Alikufa mwaka jana. Huyu njo mutoto yangu. Mi nilimuzaa, weye ulikuwa wapi?"

Taya lilikuwa juu ya meza ya kukunja, karibu na kikombe cha chai. Febby, mke wa Chola, ndiye aliyeliona ufukweni Kabuta alipokuwa akianika dagaa. Lilikuwa limeshikwa na mwamba. Alilitambua kwa jino: Chola alitiwa chonge la dhahabu kule Elisabethville, na tangu siku ile akawa anacheka kwa upande mmoja.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua, mashua ya tajiri mmoja ilipakiwa samaki mpaka maji yakawa yanachungulia ndani, ikazama njiani kwenda Kasenga. Tajiri alisema Chola hakupanda, ametorokea mjini. Hapakuwa na maiti ya kumbishia. Bila maiti hakuna maziko, na bila maziko ndugu za mume hawamfungi mjane shanga nyeupe mkononi, zile zinazomwachia aende zake. Febby alikuwa amekaa mwaka mzima jikoni kwa mama mkwe, si mke, si mjane.

Kwamba mfupa wa mwaka jana umekuwa jiwe, hilo halikumshangaza mtu Kabuta. Aliyezikwa huoza taratibu, kama inavyostahili. Asiyezikwa husubiri, na kusubiri huzeesha. Taabu ilikuwa kwa mwalimu wa kanisa, Kapembwa, aliyesema hawezi kuombea jiwe. "Bwana wa mawe akisema ni mutu," aliahidi, "kengele nitapiga mi mwenyewe." Mama Chola akalifunga taya kwenye kitenge, akalibeba mpaka Nchelenge kwa mikono yake. Kapembwa na Febby wakamfuata.

Nyuma ya hema mpishi alianza kusonga bukari, ugali wa muhogo. Taya likagonga meza. Likagonga tena, kisha mfululizo, hata kikombe kikatetemeka kwenye kisahani.

"Eko na njala," Febby alisema.

"Chola, ngoja," mama yake alisema. "Tuko tunaongea na batu."

Taya likatulia.

Bwana wa mawe akaandika kwamba sampuli hutetemeka adhuhuri. Alikuwa mtu makini. Akadondosha dawa kali kwenye mfupa, akautazama kwa kioo cha kukuzia, akapima meno moja moja. Akaandika pia kwamba chonge la kushoto ni la dhahabu, kazi nzuri. Kisha akafunga kalamu na kusema huyu ni mtu wa kale sana, wa kale kuliko wote waliowahi kuonekana upande huu wa ziwa.

"Na hiyo dhahabu?" Mama Chola aliuliza.

"Na yenyewe ya kale." Akasugua macho. "Mama, mi naona jino. Nasikia anagonga. Lakini libwe njo libwe, na libwe yote ya udongo ni ya serikali."

Kapembwa akavaa kofia yake. "Umesikia, mama."

"Nimesikia. Na weye ulimubatiza."

"Nilibatiza mutoto. Sikubatiza libwe."

Taya likalazwa kwenye sanduku lenye majani makavu, likapigiliwa misumari, likapakiwa kwenye lori la kwenda kusini, kwenye nyumba wanamoweka vitu vya kale. Mama Chola alishika ubao wa lori kwa mikono miwili. Ndani ya sanduku Chola alianza kugonga.

"Mayo, mama yangu, achilia," Rodwell, dereva, alimwambia. "Nikiondoka utaanguka."

Akaachilia. Alikwenda kwenye sufuria ya mpishi, akamega donge bila kuomba, akalifunga kwa jani la mgomba, akampa Rodwell. "Usimupatie ingali moto. Hana subira."

Rodwell akaliweka kwenye kiti kando yake. "Na mboga?"

"Hachagui."

Lori likaondoka. Kugonga kule kulisikika mpaka kwenye kona, kisha likabaki vumbi tu na kuku wa mpishi.

Mama Chola akafungua pindo la kitenge chake. Shanga alikuwa amekuja nazo, akiingojea kengele. Akamgeukia mkamwana wake.

"Lete mukono."

"Mama, hatujamuzika. Na hii njo kazi ya ndugu zake. Batasema nini?"

"Baseme. Mukono."

Febby akanyoosha mkono. Mama Chola akauzungusha uzi, akakaza fundo mara mbili.

"Kwenu Mununga ni mbali. Uende sasa, jua lingali juu," alisema, akaukata uzi kwa meno.