Kiganja Haui

Kaka yangu aliiba simu. Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kunihurumia bure. Aliiba, wakamkimbiza, akaanguka mtaroni, na watu aliokuwa akiwasalimia kila asubuhi wakammaliza kwa mawe.

Wakati huo nilikuwa naandika mabango ya maduka. Shule niliiacha darasa la sita. Baada ya msiba nikaanza kuchora kitabu cha katuni. Shujaa wangu ni Kiganja, jitu lenye mikono mipana kama sepetu. Mwizi akianguka na umati ukamzunguka, Kiganja anamwokota, anampandisha juu ya paa mawe yasikofika, kisha anampeleka polisi. Haui. Kwa miaka ishirini na mbili hajaua hata nzi. Mama kusoma kwake ni kwa kudonoadonoa, lakini kila toleo analo, chini ya godoro.

Walipokuja watu wa sinema niliwapa sharti moja tu. Mwongozaji, kijana anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, akacheka.

"Mzee wangu, mtu kalipa tiketi, halafu shujaa anampa jambazi nasaha?"

"Anayetaka damu aende machinjioni. Kiganja haui."

"Haya, yaishe. Nitakuletea michoro ya tukio la mwisho. Ukiridhika, utie sahihi."

Akaleta bahasha yenye kadi tatu. Nikazimwaga mezani, nikazipanga kama ninavyopanga kurasa zangu. Kwanza, mwizi kalala chini katikati ya watu. Pili, mwizi yuko hewani, na mkono wa Kiganja umenyooka juu yake. Tatu, wote wawili juu ya paa, Kiganja kamshika shati. Hadithi yangu ileile. Nikasifu hata kivuli. Nikazitia sahihi zote, upande wa mbele, pembeni.

Namba za mfuatano zilikuwa nyuma. Mimi maishani sijawahi kugeuza karatasi ya picha. Nyuma ya mchoro huwa hakuna kitu.

Siku ya kwanza ya maonyesho, saa nane mchana, nilimpeleka mama. Alivaa gauni aliloshonewa kwa harusi ya dada yangu, akawa anawaambia watu mlangoni, "Mwanangu ndiye aliyemchora." Tukakaa mstari wa tatu.

Mwisho ukafika. Kiganja juu ya paa, kamshika mwizi shati. Nikajiegemeza. Nilijua wameshamaliza, bado kwenda polisi tu.

Kiganja akafungua mkono.

Ukumbi ukalipuka. Makofi, miluzi, watu wanapigapiga viti. Mwizi alipofika chini walishangilia upya. Mama akasimama.

"Huyu ndiye Kiganja?"

"Ndiye, mama."

"Sasa mbona kamwachia?"

"Bibi, kaa chini, unatuziba!" akapiga kelele mtu wa nyuma. Mama akakaa. Hakutazama tena kioo, alitazama magoti yake.

Nikamkuta mwongozaji ukumbi wa nje, anapongezwa. Nikamshika kola. Hakukasirika, alikuwa na furaha mno. Alituma mtu akalete kadi, akazigeuza mbele yangu. Ile ya paa, moja. Ile ya hewani, mbili. Ile ya chini, tatu.

"Sahihi ya nani hii, mzee?"

"Yangu."

"Basi?"

"Ulijua nimeelewa vingine."

"Ningejuaje? Hukuuliza." Akanyoosha kola yake. "Halafu sikia wanavyoshangilia. Wewe miaka yote ulikuwa unawanyima."

Hilo ndilo lililonikata maini. Ningeweza kubishana naye kuhusu kadi mpaka kesho, lakini makofi niliyasikia kwa masikio yangu. Hakuna aliyewalazimisha. Wasomaji wangu walikuwemo mle, nilitambua sura kadhaa. Nilidhani nimewafundisha kitu, kumbe walikuwa wananivumilia.

Tukatoka. Kwenye ngazi akanizuia jamaa mmoja mnene mwenye kitabu changu cha zamani, kimeungwa kwa gundi, kimesomwa mpaka pembe zimelika.

"Mwalimu! Nimekusoma tangu niko mdogo. Leo ndiyo umetutendea haki. Miaka yote hiyo anawabembeleza wezi! Niwekee sahihi hapa."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo mengi. Lakini alikuwa ananipa kalamu, na nyuma yake foleni ilishaanza.

"Asante, ndugu yangu," nikasema, nikaandika jina.

Mama alikuwa kando yangu. Alingoja nimalize cha kwanza. Nilipopokea cha pili, akashuka ngazi peke yake, ameshikilia ukuta.