Mgonjwa Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Kaka yangu, fundi viatu ambaye mtaa mzima humwita Soli, aliacha kugonga misumari mwezi wa pili. Kibanda alifungua kila siku. Alikaa kwenye kigoda chake, akashika kiatu cha mtu asubuhi mpaka jua kuzama, kiatu kile kile, wiki nzima. Shati likaanza kumpwaya. Wateja wakasema, fundi siku hizi ametulia, Mungu amzidishie. Hapo ndipo damu iliponichemka. Kwetu mtu akipiga kelele barabarani anafungwa kamba. Akinyamaza huku anakwisha, anasifiwa malezi.

Nikampeleka kliniki. Bibi yetu akakataa kubaki nyumbani. "Mume wangu haendi peke yake kwa wanawake wenye sindano," akasema. Amemwita mume tangu siku aliyozaliwa, na kumchokoza ni haki yake, kama bibi yeyote kwa mjukuu.

Kliniki ile tunajuana. Nilikuwepo ikifunguliwa. Utepe ulikatwa mara mbili, kwa sababu mpiga picha wa mheshimiwa alichelewa; ukaunganishwa kwa gundi, ukakatwa tena, na sisi tukapiga makofi tena, wajinga sisi. Siku ile tuliahidiwa daktari wa magonjwa ya akili. Alifika baada ya miaka kumi na moja. Sijasahau na sina mpango wa kusahau.

Daktari mwenyewe alikuwa kijana mpole, koti limenyooshwa, mbele yake fomu ya maswali tisa iliyotoka juu. Kila swali lina alama sifuri hadi tatu. Ukifika kumi, unapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Usipofika, wewe ni mzima, nenda zako. Waliotunga fomu, najua walikaa kwenye ukumbi wenye viyoyozi, wakaona maswali ya wenyewe Wazungu ni makavu mno, wakayavisha adabu ya salamu.

"Habari za usingizi, fundi?" daktari akaanza.

"Nzuri, daktari."

"Habari za chakula?"

"Nzuri, tunashukuru."

"Na moyo je, haujambo?"

"Haujambo kabisa. Habari za kwako?"

"Nzuri," daktari akajibu, nusura ajiandikie alama mwenyewe.

Maswali yakaisha hivyo hivyo, manane. La tisa hata hakuliuliza. Akajumlisha. "Sifuri! Hongera. Sijapata mtu mzima kama huyu mwezi huu."

Nikasimama. "Daktari, umemsalimia, hujamuuliza. Sisi mtu akituuliza habari tunasema nzuri, hata nyumba ikiwa inaungua mgongoni. Nzuri kwanza, moto baadaye."

"Fomu haina sehemu ya baadaye, bwana."

"Basi fomu ndiyo mgonjwa. Ilaze wodini!"

"Msigombane kwa ajili yangu," Soli akasema kwa upole, akichungulia viatu vyake. "Mimi niko salama."

Daktari akashika kalamu asaini. Nikajua akisaini, tunamrudisha nyumbani kwisha kazi.

"Salama!" Bibi akafoka. "Mlafi huyu! Jana kamaliza sufuria nzima, mimi mkewe nimelala na njaa."

"Uongo, bibi," Soli akasema.

"Umekula!"

"Sijala! Sahani yangu nilimpa paka wa jirani. Na juzi pia."

Kalamu ikasimama hewani.

"Na kukoroma! Kama mashine ya kusaga, ukuta unatikisika."

"Mimi? Nakoromaje na silali? Nahesabu mabati ya paa mpaka kunakucha. Ishirini na sita. Moja lina tundu."

Nikamshika daktari mkono. "Umeona? Ukimsalimia anakubali. Ukimsingizia anabisha. Msingizie!"

"Haiwezekani. Kuna maadili ya kazi."

"Kidogo tu. Swali la tatu."

Daktari akakohoa. "Ndugu... samahani sana... wewe ni mtu wa raha."

"Huyu kasomea nini?" Bibi akauliza. "Kaza sauti, mwanangu!"

"Wewe ni mtu wa starehe!" Jasho likamtoka. "Kazi unaipenda mpaka unaimba!"

"Nani kaimba?" Soli akawaka. "Uniheshimu, daktari! Nikishika kiatu mkono unakuwa mzito kama wa mtu mwingine. Sijacheka miezi mitatu!"

"Alama mbili," daktari akaandika.

"Tatu," Bibi akaamuru. Ikaandikwa tatu.

Muuguzi akafungua mlango, akamkuta daktari amesimama anapiga kelele, "Unajiona bora kuliko wote!" na mgonjwa anamjibu, "Najiona takataka, nani kakudanganya?" Akaufunga taratibu.

Wakafika swali la tisa. Daktari alilisoma kimya na sauti ikamwisha. Bibi akalichukua yeye. Alimshika mjukuu wake sikio. "Na huyu anavyojipenda! Haondoki duniani hata afukuzwe na fimbo."

Soli akafungua mdomo abishe. Akaufunga. Kisha akasema, "Bibi, hilo sijui nikubishieje. Kuna asubuhi naona afadhali nisingeamka."

Bibi hakuliachia sikio. Daktari akaisukuma fomu pembeni, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akauliza kwa sauti yake mwenyewe, "Tangu lini, kaka?" Na Soli akamwambia. Alisema kwa saa nzima. Mimi nilitoka kupigana na foleni iliyokuwa ikigonga mlango.

Tuliondoka na dawa, na miadi ya kila Jumanne, na amri kwamba asiachwe peke yake hata chooni. Amri hiyo Bibi aliipokea kwa mikono miwili.

Mapokezi, binti wa dirishani akainua kichwa. "Habari, fundi?"

"Nzuri," Soli akasema. Bibi akamfinya. "Mbaya," akasema. "Mbaya sana, dada yangu."

Binti akabaki na tabasamu lake usoni, akitafuta kwenye kompyuta mahali pa kubonyeza "mbaya".