Choo ya Soko

"Wee Fidel, usinipigie kelele! Mimi si mtoto yako!"

"Na mimi si wako! Nauliza tu, nani aliandika hiyo kitu juu ya karatasi yangu?"

"Karatasi yako? Hiyo ni karatasi ya chama, kijana."

Musembi alikuwa amekalia kiti ya Mzee Obuya. Wiki mbili tu ndio alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wadi, na tayari ameizoea kama ilikuja na yeye kutoka Karen. Huko ndiko anaishi, kwa miti mingi na mbwa wakali, na hapa Woodley watu walikuwa wanamjua kwa mabango peke yake. Majina ya kamati mpya yalitoka makao makuu ya chama huko mjini, ndani ya bahasha. Hakuna mtu alipiga kura. Musembi alisoma, watu wakaambiwa wapige makofi, wakapiga.

Mzee Obuya, mwenyekiti wa miaka tisa, wakamfanya mlezi wa chama. Mlezi hashiki muhuri na haulizwi kitu. Sasa alikuwa kwa kona, kofia kwa magoti, kikombe ya chai mkononi, anaangalia viatu zake kama amezikuta njiani.

Fidel Ochola alikuwa na miaka thelathini na mbili, na sita kati ya hizo alikuwa katibu, mpaka ile bahasha. Ni yeye alikuwa anaita watu, anapanga viti, anaandika. Kwa ukuta nyuma ya Musembi bado kulikuwa na karatasi kubwa ya manila aliandika mwenyewe na kalamu nyekundu siku kamati ya zamani ilikaa kupanga kazi. Namba moja: Choo ya soko. Namba mbili: Maji. Namba tatu: Taa. Sasa mtu alikuwa amepiga mstari kwa namba moja, mstari safi, na rula. Juu yake akaandika: Ofisi ya kisasa ya chama.

"Hiyo ploti ya pembe ya soko ni ya choo," Fidel akasema. "Tulizunguka na barua ya kuiomba miaka nne. Mzee, si tulizunguka?"

Mzee Obuya akafungua mdomo. Musembi akamwangalia tu. Mzee akakunywa chai.

Soko iko ng'ambo ya barabara, wamama kama arobaini, na haina choo hata ya mabati. Kwa petroli stesheni wanakuuliza kama umenunua mafuta. Mama yake Fidel, Peres, ameuza sukuma wiki na nyanya hapo miaka kumi na saba na sheria moja: kutoka asubuhi mpaka jioni, hakuna kunywa maji. Ukikunywa, utaenda wapi? Mwezi wa tatu akaanguka juu ya nyanya zake. Daktari akasema ni figo. Akamwambia, mama, kunywa maji, kila siku, mengi. Peres akamwangalia hivi, kama ameambiwa ahamie Ulaya.

Tangu hiyo siku anakunywa. Na akishakunywa, anavuka barabara, anapanda ngazi mpaka hapa juu ya hii duka ya vyuma, kwa sababu kwa korido ya ofisi kuna choo, imefungwa na kufuli, na funguo bado iko na Fidel.

Mlango ikagongwa.

Fidel akafungua kidogo, akaizuia na mguu. Ni ile mlango inajifunga yenyewe. Ikishabana, wa nje ni wa kubisha.

"Fidel, baba," Peres akanong'ona. Alikuwa amevaa aproni, chupa tupu ya maji chini ya kwapa. "Nipe funguo."

"Dakika moja, mama. Kuna kitu namaliza hapa."

"Fanya haraka."

"Dakika moja tu."

Akaachilia mlango, akarudi kwa meza.

"Hao ndio nilikuwa nasema," Musembi akasema. "Hii ofisi imekuwa stendi. Kuanzia leo hiyo choo ni ya maafisa."

"Huyo ni mama yangu."

"Nimeona. Shikamoo kwake."

Jacklyne akacheka kidogo, halafu akajifanya anakohoa. Yeye ndiye mwakilishi wa akina mama, kwa kamati ya zamani na kwa hii mpya pia. Mpaka mwaka jana alikuwa anauza mitumba, meza ya tatu kutoka kwa Peres.

"Jacky," Fidel akamgeukia, "si wewe ulikuwa unaenda na mama yangu nyuma ya magunia ya makaa? Mmoja anachuchumaa, mwingine anamfunika na leso? Umesahau?"

"Fidel, punguza moto. Hiyo ni mambo ya kitambo."

"Ilikuwa Disemba!"

"Sikiza," Musembi akasema polepole, ile sauti ya kuongea na mtu wa bodaboda. "Ofisi mpya itakuwa na choo. Mbili hata. Moja ya maafisa, moja ya wageni."

"Na wamama wa soko?"

"Wakiitwa mkutano, ni wageni."

"Na siku hakuna mkutano?"

Musembi akasukuma karatasi mbele. "Wenyewe walikubali. Soma."

Fidel alikuwa ameisoma mara tatu. Ilikuwa karatasi yake, mistari alichora mwenyewe: jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Kila mkutano ni hivyo. Ukiingia unaandika jina, unatia sahihi, unapewa chai na mandazi mbili. Bila sahihi hakuna chai. Na juu ya karatasi Fidel alikuwa anaacha nafasi, kwa sababu ya haraka, watu wamejipanga mpaka kwa ngazi, maji inachemka. Kichwa nitaandika jioni, alikuwa anasema. Miaka sita aliandika jioni. Hii mara moja, baada ya yale makofi, Musembi alisema lete hizo karatasi, mimi nitamalizia.

Na akamalizia. Mwandiko mzuri, wa mtu alisoma: Sisi tuliotia sahihi hapa chini tumekubali ploti ya pembe ya soko ijengwe ofisi ya chama, na hatuna pingamizi.

"Walikuwa wanasaini mandazi!" Fidel akasema.

"Mahali gani imeandikwa mandazi?"

"Nitaenda makao makuu. Nitawaambia."

"Enda. Lakini kwanza nisomee jina ya kwanza hapo."

Fidel hakuhitaji kusoma. Kila mkutano alikuwa anatangulia yeye, ndio wamama wasiogope. Oneni, hata mimi nimeweka, hakuna kitu mbaya. Namba moja, Fidel Ochola. Namba mbili, Peres, kidole gumba ya wino, kubwa, imejaa mpaka imetoka nje ya mstari. Fidel mwenyewe ndiye alimshika huo mkono.

"Sasa," Musembi akasema, "wakikuuliza nani alikubali wa kwanza, utawaambia nini?"

Nje mlango ikagongwa tena, polepole. Hakuna mtu aligeuka.

"Mimi sina ubaya na wewe," Musembi akaendelea. "Watu wanakupenda. Nimekuwekea nafasi, naibu wa mwenezi wa chama."

"Kazi yake ni gani?"

"Ni ile ile tu. Kuita watu."

Jacklyne akasema, "Chukua, Fidel. Ukiwa ndani unaweza saidia."

"Kama vile wewe umesaidia?"

Jacklyne akaanza kupangusa meza na kiganja, na meza haikuwa na kitu.

Fidel akamwangalia Mzee Obuya. Akangoja. Mzee akainua macho, akaangalia manila, akaangalia ule mstari wa rula.

"Kijana," akasema, "chai yako inapoa."

Hapo ndipo kitu ilikatika kwa Fidel. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zote, ya ofisi, ya kabati, ya choo, ya stoo, zote kwa pete moja, akazirusha kwa meza mpaka kikombe ikaruka.

"Shika ofisi yako! Shika kila kitu! Mimi si wa kuitia mtu watu!"

Musembi akafunika funguo na mkono, bila haraka.

Fidel akatembea, kifua imefura, na kwa mara ya kwanza tangu ile bahasha ije alijisikia mwanaume. Akafungua mlango, akatoka.

Peres alikuwa ameegemea ukuta ya korido, magoti ameyabana, aproni ameikunja kwa ngumi. Akamwona, uso ukalegea. Akanyoosha kiganja.

"Funga huo mlango," Musembi akaita kutoka ndani. "Vumbi inaingia."

Kiganja cha Peres kilikuwa wazi, kinangoja. Mkono wa Fidel ulikuwa umeshavuta mlango. Ikabana, na funguo ndani.