Aliyekaa Katikati ya Wakwe

Saa saba mchana mwalimu mkuu alitoa kichwa dirishani akauliza Tarlina yuko wapi, na moyo wa Lorna Pettigrove ukampasuka paa. Watoto kumi na wawili walikuwa kwenye benchi wakila mkate na nyama. Asubuhi walitoka kumi na watatu.

"Si yuko na baba yake?" alisema Lorna.

Baba yake, Clifton, alikuwa getini anajifuta vumbi usoni. Alikuwa peke yake. Akamwangalia Lorna kama mtu anayesubiri mzaha uishe.

"Shemeji, si alipanda gari lenu?"

Nje jua la Oktoba lilikuwa limefika nyuzi arobaini na tatu, na mahali walikotoka kuchimba sisimizi wa asali, wale wenye matumbo yaliyojaa utamu, palikuwa mwendo wa kilomita thelathini, mchanga mtupu na vichaka vya mulga. Mtoto mwenyewe ana miaka sita.

Lorna alikuwa karani wa reli kule Port Augusta mpaka alipostaafu, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa kujitolea katika shule ya Yantapi, kijiji cha wenyeji wa jangwani. Alifundisha kusoma, aliosha vikombe, aliendesha gari la shule. Wiki yake ya kwanza Bibi Dulcie, ambaye naye alijitolea hapo kuwafundisha watoto mambo ya porini, alimpa nafasi katika ukoo, maana Yantapi mtu asiye na nafasi hajulikani aamkiwe vipi, na hata mbwa wa pale wana zao. Akamfanya binti yake. Lorna alimzidi Bibi Dulcie miaka mitatu, lakini nani angebisha? Tangu siku hiyo Clifton, aliyemwoa Charmaine, binti wa kuzaa wa Bibi Dulcie, akawa anamwita shemeji na kumtania bila huruma, na Tarlina, mtoto wao, akawa anamwita mama mkubwa. Charmaine sasa alikuwa mjini Alice Springs akisubiri kujifungua. Siku ya kuondoka alimwambia Lorna maneno machache tu: "Mwanao huyo. Nakuachia."

Sasa Clifton na Bibi Dulcie ni mkwe na mama mkwe. Hawasemezani, hawatazamani, hawakai kivuli kimoja. Hawana ugomvi wowote. Ni heshima, na wote wawili waliishika kwa moyo. Ndiyo maana safari za porini zilikwenda na magari mawili na moto uliwashwa sehemu mbili, kilima cha mchanga kikiwa katikati. Watoto walikimbia huku na huku wapendavyo. Mtu mzima aliyeweza kuvuka alikuwa Lorna peke yake, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuvuka, kuhesabu, kurudi. Asubuhi ile alivuka mara tatu. Mara ya nne, wakati wa kuondoka, goti lilimuuma na jua lilimchoma utosi, na alikuwa amemwona Tarlina akikimbilia upande wa baba yake. Akamwambia Bibi Dulcie, "Nimehesabu. Wote wapo." Hakuwa amehesabu. Aliona aibu kusema amechoka, basi akadanganya, akawasha gari.

Mwalimu mkuu alipiga simu polisi. Ndege ya kutafuta ingechukua saa tatu kufika. Gari la Clifton lilikuwa limeshaondoka na kaka yake na timu nzima ya mpira kwenda mashindanoni, na karibu kila gari la Yantapi liliwafuata. Lilibaki la shule. Clifton ndiye aliyejua kuendesha nje ya njia bila kunasa. Bibi Dulcie ndiye aliyejua kusoma nyayo.

"Hamuwezi kupanda wote," alisema mwalimu mkuu.

"Leta shuka," alisema Bibi Dulcie.

Wakatundika shuka la maua nyuma ya kiti cha dereva. Bibi Dulcie akaketi nyuma na ndoo ya maji miguuni, Clifton akashika usukani, na Lorna akakaa mbele, shingo ameipindia kwenye upenyo wa shuka.

"Binti yangu, mwambie huyo dereva asituue kabla hatujamwona mtoto."

"Clifton, anasema —"

"Nimesikia, shemeji. Mwambie mzazi hapo nyuma, nikipunguza mwendo tutazama kwenye mchanga."

"Anasema akipunguza —"

"Basi mwambie azame huku anaona anakokwenda!"

Siku nyingine Lorna angecheka mpaka machozi. Leo aliikalia mikono yake. Alikuwa anaogopa vitu viwili, na aliona aibu kwamba ni viwili. Alimwogopea mtoto. Na alimwogopa yule mwanamke nyuma ya shuka, ambaye angeshuka garini, atazame chini, na ajue kila mguu uliopita pale asubuhi umetoka wapi na umekwenda wapi. Sema sasa, alijiambia. Sema kabla hajaona mwenyewe. Kilomita zikapita na hakusema.

Walifika saa nane. Majivu yalikuwa palepale, mashimo ya sisimizi palepale, mtoto hayupo. Clifton alikimbilia upande wake wa kilima, akaita mpaka sauti ikakauka. Bibi Dulcie hakuita. Alitembea polepole, mikono nyuma, kichwa chini.

"Alikuja hapa kwetu," alisema. "Tazama, amekanyaga juu ya alama ya tairi. Gari limeshaondoka. Akavuka kwenda kwa baba yake. Huko nako akakuta watu wameondoka. Akarudi."

Wakapanda kilima. Juu kabisa kulikuwa na njia ya viatu vya Lorna, imekwenda na kurudi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Pembeni yake kulikuwa na kishimo kidogo mchangani.

"Hapa amekaa," alisema Bibi Dulcie. "Kitako hiki. Amekaa muda mrefu, amechorachora na kidole." Akainua macho. "Alikuwa anakungoja wewe. Huwa unapita hapa."

Lorna akamgeukia. "Mama, mara ya mwisho sikuvuka. Nilikudanganya."

"Nimeona," alisema Bibi Dulcie. "Toka hapo, unakanyaga nyayo za mtoto. Mwambie baba yake kaelekea magharibi, na alikuwa anakimbia."

Ikabidi Lorna amwambie. Akapaza sauti, akasema yote, pamoja na uongo wake, kwa sababu hakuweza tena kubeba nusu. Clifton alisimama amewapa mgongo kama inavyompasa mkwe. Hakusema shemeji. Akaanza kutembea kuelekea magharibi, na ukimya wake ulimtisha Lorna kuliko matusi.

Wakaenda hivyo saa nzima. Clifton mbele, mbali, Bibi Dulcie nyuma na macho ardhini, na Lorna katikati akikimbia kama mbwa wa kuchunga: mwambie akae kulia, hapo anafuta nyayo, mwambie mzazi mbele kuna mawe matupu, mwambie asubiri, mwambie haiwezekani kusubiri. Chupa ya maji ilikuwa begani mwake na hakuinywa. Alikuwa anamwekea mtoto. Huo nao ulikuwa upumbavu, na mtu yeyote wa Yantapi angemwambia hivyo, lakini hawakuwa na nafasi ya kumtazama.

Kisha mchanga ukaisha. Mbele yao ilikuwa ardhi ya mawe mekundu, ngumu, isiyoshika hata unyayo wa ngamia. Mbali sana ilionekana pampu ya upepo ya zamani, na tangi lake. Clifton akanyoosha mkono.

"Mwambie mzazi amekwenda kwenye maji! Mtoto yeyote angekwenda kwenye maji!" Na akaanza kukimbia.

Tangi lile lilikauka miaka iliyopita, kila mtu alijua. Lakini mtoto wa miaka sita angejuaje? Lorna alimfikiria akifika pale na mikono yake midogo, akifungua bomba. Akageuka ampelekee Bibi Dulcie ujumbe, na mawe yakamjia usoni. Hakuhisi kuanguka. Aliona tu anga ni nyeupe na ulimi wake umekuwa mkubwa mdomoni.

Bibi Dulcie alifika, akamgeuza ubavu, akammwagia maji shingoni. Lorna aliona uso wake, na nyuma yake, mbali, Clifton akizidi kuwa mdogo. Alijaribu kusema. Mdomo ulikataa.

Bibi Dulcie alikuwa ameshika kitu: kijiti kilichovunjika, mbichi bado.

"Amegeuka," alisema. "Hapa amegeuka, hakwenda kule. Binti yangu, unanisikia? Mwambie!"

Lorna hakuweza. Clifton alikuwa anakimbilia mahali pasipo na mtoto, saa ilikuwa inakaribia kumi, na mwanamke yule mwenye miguu ya miaka sitini hangefika kokote kwa haraka. Bibi Dulcie alitazama chini, akatazama mbele, akatazama chini tena. Lorna hakuwahi kumwona akiogopa, na sasa alimwona.

Ndipo Bibi Dulcie akapiga magoti, akainama sikioni mwa Lorna, akapiga kelele iliyofika mbinguni.

"Lorna! Binti yangu! Mwambie baba wa mtoto arudi! Mtoto amegeukia kusini, kwenye mashimo yetu ya mwaka jana, yale ya chini ya miti mitatu ya mulga! Mwambie aende yeye, mimi siwezi kukimbia! Mwambie sasa hivi!"

Alikuwa anamwambia Lorna. Yeyote aliyekuwepo angeapa alikuwa anamwambia Lorna, aliyelala pale kama gunia na hawezi kujibu. Na kutoka mbali ikaja sauti ya Clifton, ambaye bado alikuwa amewageuzia mgongo.

"Shemeji! Nimekusikia! Mwambie mzazi naenda!"

Akakata kona kwenda kusini, akikimbia kwa namna ambayo mtu hukimbia mara moja tu maishani.

Walisubiri. Bibi Dulcie alimshika Lorna mkono, akaubana mpaka ukafa ganzi. Lorna aliomba, yeye ambaye hakuwa ameomba tangu mumewe afe. Upepo ulipita. Halafu wakasikia, hafifu sana, mtoto analia, na Bibi Dulcie akaweka paji la uso juu ya mawe ya moto akaliacha hapo.

Tarlina alikuwa ameingia ndani ya shimo la zamani, akajifukia udongo wa chini, ule wa baridi, mpaka kifuani, kama bibi yake alivyowafundisha. Midomo ilikuwa imepasuka na macho yamezama, lakini alikuwa hai. Muuguzi wa zahanati alimtundikia maji ya mshipa, akasema angechelewa saa moja tu mambo yangekuwa mengine.

Jua lilikuwa limeshatua Lorna alipotoa sanduku lake uvunguni. Ndege ya barua ilikuwa inakuja Alhamisi. Alijua wageni wanavyoondoka Yantapi. Aliwaona wawili waliomtangulia: yule aliyepiga picha msibani, na yule aliyegombana na wazee. Hakuna aliyewafokea. Waliletewa chai, wakaulizwa habari za watoto wao, wakaambiwa kwa upole kwamba ndege ni Alhamisi. Alikuwa anaingoja hiyo chai, na aliiogopa kuliko yale mawe mekundu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bibi Dulcie aliingia na kigogo cha kuni mkononi. Nyuma yake kibarazani walikuwapo wanawake sita, dada na shangazi za Charmaine, wamekunja uso.

"Simama," alisema Bibi Dulcie.

Lorna akasimama.

"Umeachiwa mtoto na dada yako. Ukamsahau porini, ukanidanganya mimi mama yako. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Angekufa ningekupasua kichwa. Yuko hai. Nyoosha mkono."

Lorna akanyoosha, akafumba macho. Kigogo kilishuka juu ya mkono wake, si kwa mzaha, na maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Alipiga yowe. Kibarazani mwanamke mmoja akasema, "Haya, imekwisha," na wakaanza kushuka ngazi wakizungumzia mambo ya chakula.

Bibi Dulcie akatupa kigogo nje. Akaona sanduku lililo wazi kitandani, na nguo zilizokunjwa.

"Na hizi unapeleka wapi? Rudisha kabatini. Charmaine amekutukana kwenye simu matusi ambayo mimi siwezi kuyarudia, atapiga tena kesho akutukane wewe mwenyewe. Uamke mapema."

Akamkalisha, akafunga mkono ule uliovimba kwa kitambaa chake cha kichwa. Lorna alilia kwa sauti, hakujizuia, na Bibi Dulcie akaendelea kufunga.