Alama Aliyoifuta Consolata

Usijifanye hukuwepo. Ulisimama upande wa migomba, kofia umeishusha mpaka kwenye nyusi, na ule mpira wa Alistidia uliuona. Uligonga mstari mweupe, ukarusha vumbi la chokaa. Consolata akasema "Nje!" na wewe ukaanza kutafuta kitu kwenye simu yako.

Mimi nilikuwa nimeshika waya wa uzio wa uwanja wetu wa Kagondo kwa mikono yote miwili.

Alistidia nilimfundisha tangu angali mtoto, kwenye ukuta wa ghala la kahawa kule Muleba, kwa raketi niliyoisuka kwa uzi wa nyavu za samaki kutoka Kemondo. Tenisi yenyewe niliijua kwa kuitazama tu, sikuwa na mwalimu. Alipokua, hakuna kijana mkoa mzima aliyemweza. Kwa vijana, mtu mzima hupanda kiti kirefu akaamua; mtoto kazi yake ni kupiga. Alipofikisha miaka kumi na minane tukampongeza, umekuwa mkubwa sasa. Na kwa wakubwa kile kiti hukaa kitupu. Kila mchezaji ni mwamuzi wa nusu yake ya uwanja. Eti ni heshima! Heshima gani, kati ya binti na mwanamke aliyemsimamia ubatizo?

Maana Consolata ndiye mama yake wa ubatizo. Kabla ya mchezo Alistidia alipiga magoti kwenye wavu kumwamkia, kama binti yeyote wa Kihaya aliyelelewa akaleleka. Mkatabasamu. Mimi sikutabasamu. Mshindi wa siku ile ndiye angekwenda Dar es Salaam kujaribiwa timu ya taifa, na nafasi ilikuwa moja tu.

Mpira ule uliacha alama kwenye udongo. Alistidia alisogea mpaka kwenye wavu, akaitazama. Consolata akapitisha kiatu juu yake, taratibu, kama anafuta mate.

"Mwambie ni ndani!" nikapiga kelele.

"Kahigi," Consolata akasema bila hata kugeuka, "rudi Muleba ukaufundishe ukuta wako. Ukuta haubishani na wakubwa."

Mkacheka. Nayakumbuka meno ya kila mmoja wenu.

Walipobadilishana pande, Alistidia akaja kunywa maji karibu yangu.

"Waitu Kahigi," akaniambia kwa heshima ya Kihaya, "usinipigie kelele."

"Anakuibia, binti yangu!"

"Sasa nimwite mwizi mbele za watu? Halafu Jumapili nikae naye benchi moja?"

Hata hivyo alipambana, mtoto yule. Akaacha kupiga pembeni, akawa anapiga katikati, mbali na mistari, pasipo na nafasi ya mtu kudanganya. Alijipunguzia uwanja mwenyewe, akabaki na kipande kama chumba, na bado akafika kwenye pointi ya ushindi. Hapo mpira wa Consolata ukaanguka nje. Nje kabisa, kiganja kizima, upande wa Alistidia. Ilikuwa zamu ya Alistidia kusema "Nje", na mchezo uishe.

Akafungua mdomo. Consolata akashika kiuno.

"Eeh, mwanangu? Una uhakika?"

Alistidia aliitazama alama. Kisha akatutazama sisi, uzio mzima, uso kwa uso, na wewe pia. Mimi niliyekuwa napayuka tangu asubuhi, sauti ya mropokaji haihesabiwi. Alikuwa anatafuta sauti nyingine, hata moja.

"Ndani, mama," akasema.

Baada ya hapo mkono wake ulikufa. Akashindwa, akapiga magoti tena, akashukuru.

Consolata alikwenda Dar, akatolewa kwenye mchezo wa kwanza, akarudi na picha nzuri. Alistidia anachuma kahawa kwao. Mwezi uliopita nilimpelekea raketi mpya. Aliipima mkononi, akapiga hewa mara moja, kisha akanirudishia.

"Mpe mtoto, waitu. Watoto wana mwamuzi."

Jumamosi hii Mujuni wa Kemondo anacheza mchezo wake wa kwanza wa wakubwa. Mpinzani wake ndiye mwajiri wa baba yake. Pole zako sizitaki, na usininong'oneze sokoni kwamba nilisema kweli. Njoo mapema. Kabla mpira wa kwanza haujapigwa, ingia uwanjani na viatu vyako, simama katikati, ukatae kutoka mpaka mtu wa kuamua apatikane. Watakutukana. Wewe simama.