Mlango wa Bangili

Usingizi wa mchana hauna adabu. Haubishi hodi wala hausalimu, unakukalia tu kichwani kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Ndivyo unavyomkalia Mbaruku, fundi friji wa Ngamiani, Tanga, akiwa kwenye kochi la mahameli ndani ya duka la dhahabu huko Maskati, viatu amevua kwa heshima, soksi moja ina tundu na kidole gumba kinachungulia bei. Kaka yake anayefanya kazi huko ndiye aliyemkatia tiketi, na leo ndiyo siku ya mwisho, jioni anapanda ndege. Mwenye duka, Bwana Khalfani, Mwarabu mtu mzima mwenye Kiswahili cha Unguja kitamu kama halua, ameiacha bangili juu ya kitambaa cheusi na kumwambia, mwanangu, mimi nakwenda kuswali adhuhuri, wewe itazame, nikirudi tunaifunga. Na Mbaruku anaitazama. Ni mviringo mzima, haina kifungo wala bawaba, imechongwa vikonyo vya asumini kuizunguka yote, na kila kikonyo kimebeba yakuti nyekundu kama punje ya komamanga. Mfukoni ana uzi mweupe wenye fundo, kipimo cha mkono wa mchumba wake Mwanakheri. Aliupima kwa hila, akimwambia, lete mkono nikufunge kama mbuzi usije ukanikimbia, mwenzake akacheka, akanyoosha mkono, uzi ukazunguka. Leo uzi umewekwa ndani ya bangili, umelingana nayo kama mtu na kivuli chake. Kumebaki nini sasa? Kumebaki kulipa na kurudi nyumbani kifua mbele.

Ila kuna jambo. Mwanakheri ni golikipa wa timu ya handiboli, viganja vyake vimezuia mipira ya mkoa mzima, na tangu shuleni walimwita Sepeto. Mpaka leo akiwa mbele za watu huvificha ndani ya kanga kama mtu aliyeiba maandazi. Na siku ya bibi harusi kutolewa nje, somo wake aliyemfunda, Bi Mize, atamvisha bangili ya mume mbele ya wanawake wote wa mtaa, na wanawake wa mtaa ule, msomaji wangu, ukipendeza wanasahau kabla hawajafika kwao, ukichekesha watawasimulia wajukuu. Mwanakheri alimwambia neno moja tu walipoagana: Mbaruku, leta kikubwa leta kidogo, lakini siku ile nisiaibike. Mbaruku analikumbuka neno hilo, kiyoyozi kinamvumia sikioni, kope zinakuwa nzito, na bangili pale mezani inaanza kukua.

Inakua kama sinia, kama gurudumu, kama mlango wa msikiti, vikonyo vya asumini vinafunguka na kunukia kweli, na Mbaruku, kwa kuwa hajawahi kuona mlango wa dhahabu asiuingie, anaingiza kichwa, kinapita vizuri kabisa, halafu mabega yanakwama. Anajisukuma, anajikamua, mara anachomoka upande wa pili kama sabuni mkononi, na akigeuka nyuma mlango umeshakuwa mdogo, unatosha shingo ya kuku. Mbele yake kuna barabara nyeupe nyembamba inayozunguka na kujirudia, na akiinama anaiona si barabara, ni uzi, ule ule wa mfukoni, anatembea anatembea anafika kwenye fundo, analiruka, anatembea anafika kwenye fundo lile lile. Kandokando ya uzi kuna mji wa vioo, maduka ya vioo, misikiti ya vioo, hata mbuzi ni wa kioo na anatafuna kioo, na ndani ya kila kioo yumo Mwanakheri, amekaa juu ya mkeka amepambwa, mikono yake miwili imezama ndani ya kanga, hamwoni Mbaruku, anawatazama wanawake ambao nao hawaonekani, wanasikika tu wakisafisha koo kabla ya vigelegele. Mbaruku anagonga kioo, anaita, Mwanakheri wee, na kioo kinamjibu kwa sauti ya mtu mwingine, kitendawili.

Anageuka. Amesimama mtu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi ikakubali, kofia ya kutarizi, na katikati ya kofia na kola hamna kitu, pameteleza kama mgongo wa kijiko. Mzee shikamoo, anasema Mbaruku, uso umeuacha wapi, kwa dobi? Mtu yule hacheki, angechekea wapi. Kitendawili, anarudia. Tega, anasema Mbaruku, maana ulimi wa Mswahili ukisikia kitendawili hausubiri ruhusa ya mwenyewe. Mgeni wangu amepimiwa kitanda, hakupimiwa mlango. Mbaruku anafikiri kidogo, kwa kawaida yake, yaani hafikiri. Maiti, anasema. Maiti mlango anaujua, alikuwa anautumia, anajibu yule, nipe mji. Mchezo huo Mbaruku anaujua tangu utotoni, ukishindwa unampa mtegaji mji, anatamba ndani yake, kisha anakutegulia, na mji wenyewe unabaki ulipo kwa sababu umetolewa kwa mdomo tu. Chukua Korogwe, anasema, kwa ukarimu wa mtu anayegawa cha wenzake. Yule asiye na uso ananyoosha mkono, anachota hewani, anaweka kitu kwenye mizani ya sonara, na katika kioo cha pembeni Mbaruku anaiona Korogwe, stendi na mabasi na wauza mahindi ya kuchoma, inakunjwa kama kitambaa cha meza mpaka kunabaki pahali patupu na moshi mdogo wa hindi moja. We mzee, ilikuwa mchezo! Mji mdogo, jibu kubwa, anasema yule, kwa Korogwe nakupa kipande tu: mgeni hana miguu wala tumbo, ni mdomo mtupu.

Basi Mbaruku anakimbia, na kukimbia juu ya uzi ni kama kukimbia ndani ya kikombe, anarudi pale pale, fundo lile lile, kanzu ile ile. Ngoma, anasema akihema. Nipe mji. Hapana. Nipe mji, au nitachagua mwenyewe. Chukua Muheza, basi, na Mungu anisamehe, na ghafla mji wote wa vioo unanukia machungwa, harufu inapanda, inapanda, inakatika kama taa. Kwa Muheza nakupa hili, anasema yule, mlango wa mgeni huyu kadiri unavyokuwa mpana ndivyo unavyomkataa. Mbaruku anakaa chini juu ya fundo. Utani umemkauka mdomoni. Anawaza, kitanda, mlango, kupimwa, na mara kitu kinamgusa kwenye akili, si yeye huyu anayewasema wateja kila siku? Mama mkubwa, umenunua friji umepima kona ya jiko, mlango wa jiko ulimwachia nani aupime? Friji! anapiga kelele, ni friji! Na yule asiye na uso, kwa mara ya kwanza, anainamisha kichwa kama mtu anayetamani angekuwa na tabasamu. Umelipata kosa, anasema, hujampata mgeni. Nipe mji. Pangani inakwenda, na minazi yake yote, bila hata kupunga mkono.

Sasa umebaki mmoja, anasema yule, na sauti yake si kali, ni ya huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Mbaruku anaelewa. Umebaki Tanga, na Tanga ndimo ilimo Ngamiani, na Ngamiani ndimo ulimo ule mkeka. Anatazama vioo. Ndani ya kila kimoja Bi Mize ameshaingia, mwanamke mnene mwenye ulimi wa wembe na udi nyuma ya sikio, ameshika bangili ya vikonyo vya asumini, anamwambia Mwanakheri, mwanangu, toa mkono. Na Mwanakheri hatoi. Anaukaza ndani ya kanga. Toa, mwanangu, watu wanasubiri. Nyuma kuna mtu ameanza kucheka kwa pua. Mwanakheri anafumba macho, anautoa, na Mbaruku kwa mara ya kwanza anautazama mkono ule kama fundi anavyotazama mlango. Kifundo kile chembamba alichokizungushia uzi kiko kule ndani, ndicho chumba cha kulala, na mbele yake, kipana, kizuri, chenye mifupa iliyozuia mipira ya mkoa mzima, ndicho kiganja ambacho bangili lazima ipite kwanza. Bangili! anaita Mbaruku, ni bangili! Nimeipima kitanda, mlango sikuupima, Bi Mize usiivishe, usiivishe! Mtu asiye na uso anaipindua mizani yake. Umetegua, anasema. Kunja kidole gumba, upite.

Na Mbaruku anajikunja kama kidole gumba kinavyolala ndani ya kiganja, anaingiza kichwa kwenye mlango mdogo wa dhahabu, kunanuka sabuni ya kufulia, kunanukia asumini, mabega yanauma, yanauma, yanapita.

Mwanangu, unapigana na nani? Bwana Khalfani yuko mlangoni, ndevu bado zina maji ya udhu. Bangili iko mezani, ndogo, imetulia kama haijafanya lolote. Usiifunge, anasema Mbaruku, na simu imeshafika sikioni, inaita, inapokelewa na Bi Mize mwenyewe. Shikamoo bibi, nakuomba mpime Mwanakheri mkono, si hapo kwenye kifundo, kwenye mifupa ya viganja, amekunja gumba. Kinakuja kicheko kinachotoka Tanga mpaka kwenye kochi la mahameli. Ee! Mtoto wa kiume amejua leo? Mimi nilipouona ule uzi wako nikasema nimnyamazie nione akili zake, na sabuni ya kuipenyezea nilishaandaa kipande kizima. Wangenicheka mimi au wewe, bibi? anauliza Mbaruku. Wangemcheka mwanangu, anasema Bi Mize, na sauti inashuka kidogo, kwa hiyo nilikuwa nikupigie kabla ya ndege. Ngoja. Mwanakheri, lete huo mkono, hebu acha kuuficha, nani atakula? Sentimita ishirini na moja, baba, na usipunguze.

Bwana Khalfani anafungua droo ya chini, anatoa bangili nyingine, vikonyo vile vile, yakuti zile zile, ila pana kwa kipimo alichotaja Bi Mize, na anasema hii ilikaa mwaka mzima, kila mwanamke aliyeijaribu ilimporomoka, nilikuwa najiuliza inamngoja nani. Mbaruku anapumua pumzi ambayo nadhani aliivuta tangu Tanga. Kwenye simu anamsikia Mwanakheri akiuliza, amejuaje huyo? Nimeota, anamjibu, nitakusimulia tukizeeka. Mwanakheri anacheka, na kwa jinsi anavyocheka unajua mikono yote miwili iko nje ya kanga.

Mbaruku anataka kukata simu, halafu anasita. Bibi, samahani, swali la kijinga. Muheza ipo? Ipo wapi tena, si haya machungwa yake nayamenya hapa. Pangani? Shemeji yako amerudi jana kutoka huko na nazi. Mbaruku anacheka mwenyewe, anavaa kiatu, soksi yenye tundu na yote, anauliza tu kwa kumalizia. Na Korogwe?

Bi Mize anamgeukia mtu wa pembeni, sauti yake inasikika mbali na simu: nyie, Korogwe ndiyo nini?