Kola ya Koti la Harusi

Tangazo rasmi kwa wote wenye masikio: fundi cherehani ajulikanaye kama Uzi, bwana harusi mtarajiwa, ni mzima wa afya, hana doa wala waa, na anayebisha aonyeshwe cheti.

Vyeti vilikuwa viwili. Kimojawapo kilibisha.

Mchumba wake, msusi, alikuwa na sharti moja: wapime magonjwa yote, kisha waonyeshane majibu bila kufichana. Ya kwake yalitoka safi. Uzi akaenda zahanati iliyo jirani na duka lake, akaambiwa damu yake ina hepesi, yale malengelenge ya sehemu za siri. Uzi hakuwahi kuota hata kipele huko. Akavuka barabara hadi maabara kubwa yenye viti vya kuzunguka. Huko akaambiwa hana.

Vipimo viwili vya kiuno vikipingana, fundi hukata kwa kile kikubwa, halafu hupunguza. Hapa hakujua kikubwa ni kipi, wala kinapunguziwa wapi. Akampelekea daktari karatasi zote mbili.

"Daktari, mimi mzima au mgonjwa?"

"Namba ya hiki cha kwanza imevuka mstari kidogo tu. Ikivuka kidogo hivi, mara nyingi kipimo kimekosea. Lakini hiki cha pili nacho hakijakusafisha. Kama uliambukizwa karibuni, damu huchelewa kuonyesha. Tusubiri, tupime tena kwa njia nyingine. Uje na karatasi zote mbili."

"Kwa sasa mimi ni nani?"

"Mtu anayesubiri. Mwambie mwenzako hivyo hivyo."

Uzi alikubali ushauri wote isipokuwa sentensi ya mwisho. Msusi alionyeshwa karatasi safi, akaibusu. Ile nyingine haikuweza kuchomwa moto, maana daktari aliitaka. Droo nayo haikufaa, kwa kuwa mama yake Uzi hupanga droo za watu wazima kama anayetafuta mhalifu. Basi akaikunja, akaishonea ndani ya kola ya koti lake la harusi, kwa mishono midogo ya kupendeza.

Siku ya kujaribu koti, msusi alimnyoosha kola. Kola ikalia chakacha.

"Uzi."

"Naam, bibie."

"Kola yako inaongea."

"Kitambaa kipya hicho. Hakijazoea watu."

Akaibonyeza tena. Chakacha. "Umeweka karatasi! Wateja unawawekea kitambaa kigumu cha maana, mimi unanioa na boksi la viatu shingoni? Ubahili gani huu?"

Uzi aliona mlango wa kutokea, akaupita kwa unyenyekevu mkubwa. "Ni ubahili. Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Lete wembe. Mume wangu havai boksi."

Wembe ulikuwa mezani. Msusi akaanza kufumua. Mshono wa kwanza ukakatika, wa pili, ncha ya karatasi ikachungulia na muhuri wa zahanati.

"Si ubahili," Uzi akasema. "Ni majibu ya kwanza. Yanasema ninayo. Yale uliyoyabusu yanasema sina. Daktari anasema bado haijulikani, na akasema nikwambie. Niliogopa utaniacha."

Msusi hakuinua macho, aliendelea kufumua.

"Mishono midogo hivi," akasema. "Ulikuwa na muda wa kutosha wa kuniambia."

"Nilikuwa nao," akasema Uzi.